Sauti Yake, Wimbo wa Nani? JoJo na Miaka Kumi ya Ukimya

Tafuta jina la JoJo, mwimbaji wa Marekani, kwenye programu ya muziki ya simu yako, utakuta wimbo wake "Leave (Get Out)" uko mara mbili. Moja imeandikwa 2004, nyingine 2018. Biti zinafanana kama mapacha na mashairi ni yaleyale. Lakini vaa spika za masikioni uzisikilize moja baada ya nyingine, na usisikilize ngoma, sikiliza koo. Katika ile ya kwanza kuna msichana wa miaka 13 anayemfukuza mpenzi msaliti kwa sauti nyembamba yenye ncha, sauti ya mtu ambaye pengine hajawahi hata kuwa na mpenzi wa kumsaliti. Katika ya pili, mwanamke anayeukaribia mwaka wake wa 28 anamfukuza mvulana yuleyule, ila sasa sauti imeshiba, inatokea kifuani na haina haraka.

Wapo wanaosema hiyo ya pili ni remiksi. Wengine wanadhani kompyuta imeiga sauti yake. Na wapo wenye hukumu ya mkato: nyota wa utotoni ameishiwa, anachemsha upya chai ya jana.

Hakuna aliyepatia. Rekodi ya pili ipo kwa sababu ya kwanza haikuwa mali yake, ingawa koo lililoiimba ni lake. Ukiielewa sentensi hiyo, umeelewa pia kwa nini binti aliyekuwa juu kabisa ya redio za Marekani alikaa miaka kumi bila albamu, na kwa nini kisa chake hakifanani sana na hadithi tuliyoizoea ya nyota mchanga aliyelewa sifa akaanguka.

Kwanza kupanda, maana kulikuwa kwa haraka. Joanna Levesque, ndiye JoJo, alizaliwa Desemba 20, 1990 huko Vermont, akakulia Foxborough, jimbo la Massachusetts, na mama aliyekuwa akisafisha nyumba za watu na kuimba kanisani. Mwaka 2003 alishiriki shindano la televisheni la watoto wenye vipaji, akashindwa. Kushindwa huko hakukumzuia prodyuza Vincent Herbert kumwita amsikilize, na akiwa na miaka 12 akasaini na Blackground, lebo ya Barry Hankerson, mjomba wa mwimbaji Aaliyah. Mwaka 2004 "Leave (Get Out)" ikashika namba moja kwenye chati ya redio za pop ya Billboard. Kabla yake, hakuna mwimbaji wa peke yake, asiye na kundi, aliyewahi kuiongoza chati hiyo akiwa na umri mdogo hivyo. Albamu yake ya kwanza ikafika namba 4 kwenye chati ya albamu.

Mwaka 2006 ukawa mnono zaidi. "Too Little Too Late" iliruka kutoka namba 66 hadi namba 3 kwenye chati ya Hot 100 ndani ya wiki moja. Albamu ya pili, iliyotoka Oktoba, ikaingia kwenye namba 3. Mwaka huohuo alionekana katika filamu mbili za Hollywood. Alikuwa bado na miaka 15.

Albamu ya tatu ilitoka Oktoba 2016.

Kwa hiyo swali la "alipotelea wapi?" ni halali kabisa. Hakuwa amepotea. Alikuwa studio, akirekodi na kusubiri. Ili kuona alichokuwa akisubiri inabidi tufungue mkataba, na kabla ya kuufungua tukubaliane maneno machache.

Ramani na nyumba

Kila wimbo unaousikia ni mali mbili zilizobebana. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi yake, kitu ambacho kingeweza kuandikwa kwenye karatasi kikaimbwa na mtu yeyote. Ya pili ni rekodi: sauti ile maalumu iliyonaswa siku ile na koo lile. Rekodi ya asili ndiyo wenyewe wa biashara huiita masta.

Chukulia utunzi ni ramani ya nyumba, na rekodi ni nyumba iliyojengwa kwa kuifuata. Kwa ramani moja zinaweza kusimama nyumba kumi, kila moja na mwenyewe. Sasa mwimbaji yuko wapi hapo? Mara nyingi ndiye fundi. Kila tofali amelipanga kwa mkono wake, ukuta mzima una alama za vidole vyake, lakini hati ya nyumba ina jina la aliyenunua saruji. Aliyenunua saruji ndiye lebo, kampuni inayolipia studio, maprodyuza, video na matangazo.

JoJo hakuitunga "Leave (Get Out)". Iliandikwa na watunzi wanne, wakiwemo maprodyuza Soulshock na Karlin. Kwa hiyo ramani ilikuwa ya watunzi, nyumba ya Blackground, na yeye aliyefahamika dunia nzima kwa wimbo ule hakuwa na hati yoyote kati ya hizo mbili. Alichokuwa nacho ni ahadi ya mrabaha, yaani asilimia fulani ya mapato, kwa masharti tutakayoyaona.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi, nami liliponifikia mara ya kwanza nililisoma mara mbili. Nchini Marekani, vituo vya kawaida vya redio huwalipa watunzi wa wimbo, lakini havimlipi aliyeuimba wala mwenye rekodi. Kwa hiyo ile chati iliyomweka JoJo kileleni, chati inayopimwa kwa kupigwa redioni, ilipima kitu ambacho chenyewe hakikumwingizia senti kama mwimbaji. Redio ilikuwa tangazo la CD, na fedha zilitarajiwa kutoka kwenye CD.

Hesabu ya advansi

Msanii anaposaini hupewa fedha za mwanzo, advansi. Watu huiona kama zawadi, au mshahara. Siyo. Ni mrabaha wake mwenyewe uliotangulizwa, na haurudishwi mfukoni bali hukatwa kwenye mapato yake ya baadaye. Juu ya advansi huongezwa gharama za kurekodi, na mara nyingi sehemu ya gharama za video.

Tufanye hesabu ya kubuni. Lebo imetumia dola 600,000 kwa albamu. Albamu imeingiza dola 3,000,000. Mkataba unampa mwimbaji asilimia 15, yaani dola 450,000. Je, atapokea 450,000? Hapana. Zote zinakwenda kulipa zile 600,000, na bado anadaiwa 150,000. Lebo nayo ina milioni zake tatu mkononi. Toa ilizotumia, imebakiwa na 2,400,000. Kwa hiyo albamu hiyohiyo imeipa lebo faida nono, wakati kwenye daftari la mwimbaji imeandikwa kwa wino mwekundu. Deni lile la 150,000 kwa kawaida huhamia albamu ya pili.

Si wizi, kwa maana ya kisheria. Yote yameandikwa, yamesainiwa. Lebo nazo hujitetea kwamba wasanii wengi hawalipi hata gharama zao, hivyo anayefanikiwa hubeba walioshindwa. Kuna ukweli humo. Lakini anayebeba hakuulizwa kama anataka kubeba, na katika kisa chetu alikuwa na miaka 12.

Mkataba usiohesabu miaka

Fedha, hata hivyo, si ndizo zilizomnyamazisha JoJo. Kilichomnyamazisha ni namna mkataba wa lebo unavyohesabu muda, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mtu akisikia "mkataba" huwaza miaka: mitatu, mitano, umekwisha, kwaheri. Mikataba ya kurekodi kwa kawaida huhesabu albamu. Msanii hujifunga kutoa idadi fulani, na kwa desturi ni lebo yenye hiari ya kuitaka albamu inayofuata. Tena haitoshi msanii aingie studio na kurekodi. Albamu inapaswa kupokelewa na lebo na kutolewa kama mkataba unavyotaka, ndipo inapokatwa kwenye hesabu.

Fikiria kibarua aliyekubali kulima shamba la mtu kwa mavuno matano. Hakuambiwa miaka mitano, aliambiwa mavuno matano. Ufunguo wa ghala la mbegu anao mwenye shamba. Msimu wa kwanza mbegu zilitoka, wakavuna. Wa pili vilevile. Wa tatu mwenye shamba akasema ngoja, mbegu hizi sizipendi. Mwaka ukapita. Akasema ngoja, gari la kupeleka sokoni halijapatikana. Mwaka ukapita. Kibarua yupo, jembe liko begani, mvua zinanyesha na kukatika, na kwenye hesabu bado mavuno ni mawili. Na muda wote huo haruhusiwi kulima shamba la jirani.

Hilo gari la sokoni nalo lilikuwepo kweli. Blackground ilikuwa lebo ndogo isiyo na njia zake za usambazaji. Ili CD zifike madukani ilitegemea kampuni kubwa, na makubaliano hayo yalipoyumba, kazi za wasanii wake ziliyumba nayo. Albamu ya tatu ya JoJo ilibadilishwa jina, ikasogezwa mbele, ikarekodiwa tena, na haikutoka.

Swali linalofuata kila mara ni: kwa nini asitoe mwenyewe? Intaneti ilikuwepo. Jibu liko kwenye sharti la upekee. Msanii akisaini huwa ameikabidhi lebo, kwa muda wote wa mkataba, haki ya sauti yake katika rekodi yoyote ya kuuzwa. Hata akialikwa kuimba kiitikio cha mwenzake, lazima lebo iridhie. Ukiwa bado na makasha ya CD, tazama yale maandishi madogo ya ndani: fulani ameshiriki kwa hisani ya lebo fulani. Hisani hiyo ni kibali, na bila kibali lebo inaweza kumshtaki yeye pamoja na aliyemwalika. Ndiyo maana mwaka 2010, na tena 2012, JoJo alipotoa mikusanyo ya nyimbo zake kwa mashabiki, aliitoa bure.

Watu huuliza pia lebo ilifaidi nini kumshika msanii isiyemtumia. Sina haja ya kudhani roho mbaya. Kumshika hakukuwa na gharama kubwa. Kumwachia kulikuwa na hatari: je, akienda kwingine akafyatua kibao? Kwenye vitabu vya kampuni, mwimbaji aliyefungwa na mkataba ni mali, hata kama amekaa kabatini.

"Lakini alikuwa mtoto!"

Hili ndilo dai ninalolisikia mara nyingi, na nusu yake ni kweli. Kwa kanuni ya jumla ya sheria za Marekani, mtu wa chini ya miaka 18 aliyesaini mkataba anaweza kuukana. Angalia neno: anaweza kuukana. Mkataba wenyewe si batili tangu mwanzo. Unaishi mpaka aukatae.

Lebo wanalijua hilo kuliko sisi, na hawawezi kumwaga fedha kwa mtu anayeweza kuamka kesho akasema nilikuwa mtoto. Kwa hiyo katika majimbo yenye biashara kubwa ya burudani, New York na California, ipo njia ya kuupeleka mkataba mahakamani uidhinishwe. Jaji akishaupitisha, mtoto hawezi tena kuukana kwa kisingizio cha umri. Saini ya mzazi peke yake haifanyi kazi hiyo, ingawa wazazi wengi huamini inatosha.

Ulinzi wa watoto wasanii una historia yake, na ulianza na fedha kabla ya kufikia muda. Jackie Coogan alikuwa nyota mtoto wa sinema zisizo na sauti, maarufu tangu alipoigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921. Alipofikia utu uzima alikuta mamilioni aliyoyachuma yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alishtaki mwaka 1938, akaambulia takriban dola 126,000. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ambayo mpaka leo huitwa kwa jina lake, na kwa sasa inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mtu mpaka mtoto akue. Waimbaji nao wamepita hukohuko. LeAnn Rimes, aliyebeba Grammy mbili akiwa na miaka 14, alikwenda mahakamani mwaka 2000 dhidi ya baba yake aliyekuwa akimsimamia, na akapambana pia na lebo iliyomsaini utotoni.

Kuhusu muda, California ina kanuni maarufu ya miaka saba: mtu hawezi kulazimishwa kutumikia mkataba wa kazi binafsi zaidi ya hapo. Kanuni hiyo ilipata meno mwaka 1944, mwigizaji Olivia de Havilland alipoishinda Warner Bros., studio iliyokuwa ikimwongezea muda kila iliposimamisha kazi yake. Yaani ni ule ule mchezo wa mavuno. Lakini wanamuziki walitolewa kidogo chini ya mwavuli huo mwaka 1987, sheria ilipobadilishwa ili lebo iweze kudai fidia kwa albamu ambazo msanii hakuzitoa. Anaweza kuondoka, ila na bili mkononi.

JoJo alipigania New York. Mara ya kwanza ilikuwa 2009, akiwa na miaka 18, na shauri likaishia kwenye maelewano yaliyomrudisha palepale. Mara ya pili, 2013, hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: kwa sheria za New York mkataba wa mtoto wa aina ile hauwezi kuvuka miaka saba, na yeye aliyesaini akiwa na miaka 12 sasa alikuwa na 22. Kesi haikufika kwenye hukumu ya kutuliza ubishi. Januari 2014 ilitangazwa kwamba yuko huru na amesaini na lebo ya Atlantic.

Nitue kidogo hapa kwa sababu ya mkanganyiko mmoja. Kwa kuwa mashabiki wake walikuwa na kampeni ya kudai aachiwe huru, wengi humchanganya na mwimbaji Britney Spears, ambaye naye alikuwa na kampeni kama hiyo. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Britney aliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama kuanzia 2008 mpaka Novemba 2021. Watu wengine ndio walioamua kuhusu fedha zake, kazi zake na hata maisha yake ya kila siku, kwa madai kwamba hawezi kujiamulia. JoJo alikuwa mtu mzima mwenye akili zake na akaunti yake. Angeweza kuhama mji, kuolewa, kufungua duka. Alichozuiwa ni kile kimoja alichojua kukifanya tangu utotoni.

Uhuru haurudishi saa

Ungetarajia hapo hadithi inyooke. Haikunyooka. Albamu ya 2016 ilifika namba 6 kwa mauzo, ambayo si haba, lakini hakuna singo iliyotikisa redio kama zamani, na muda si mrefu yeye na Atlantic wakaachana. Katikati ya hayo, Novemba 2015, alifiwa na baba yake.

Ukitazama juujuu utasema kipaji kimekwisha. Mimi natazama kilichotokea sokoni. Mwaka 2006 watu walinunua CD. Mwaka 2016 walisikiliza mtandaoni. Katika kuhama huko kila msanii mkubwa alibeba vitu vyake: nyimbo za zamani zilipakiwa, watoto waliokuwa bado hawajazaliwa zilipotoka wakazigundua, programu zikawapendekezea. Albamu mbili za JoJo hazikuhama. Mwenye masta ndiye anayepaswa kuzipakia, na hakuzipakia. Hilo halikumhusu yeye peke yake. Sehemu kubwa ya kazi za Aaliyah nazo zilikosekana mtandaoni kwa miaka mingi, lebo ni ileile. Kwa hiyo kijana aliyesikia jina la JoJo mwaka 2016 akalitafuta, hakukuta kile kilicholifanya jina lile liwe jina. Alikuta mlango bila nyumba.

Ndipo tunarudi kwenye zile rekodi mbili.

Kumbuka ramani na nyumba. Nyumba ya zamani hawezi kuigusa, lakini ramani ipo. Na kwa sheria ya Marekani, wimbo ukishatolewa rasmi mara moja, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza mtunzi, mradi alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa senti 9.1 kwa kila nakala ya wimbo wa kawaida. Mimi na wewe tungeweza. Aliyekuwa hawezi kwa muda mrefu ni JoJo mwenyewe! Mikataba ya lebo huwa na kifungu kinachomkataza msanii kurekodi upya nyimbo zake kwa miaka kadhaa, hasa ili asijenge nyumba pacha akaivutia wapangaji.

Miaka hiyo ilipokwisha, aliingia studio. Biti zikajengwa upya kwa kuiga zile za awali, naye akaimba albamu zote mbili kuanzia mwanzo. Zilitoka Desemba 21, 2018, siku moja baada ya kutimiza miaka 28, kupitia lebo yake mwenyewe, Clover Music.

Wengi hudhani mbinu hii ilibuniwa na Taylor Swift. Masta zake ziliuzwa 2019, akaanza kutoa rekodi mpya 2021, na Mei 2025 akafanikiwa kuzinunua zile za asili. Aliifanya kwa kishindo ambacho JoJo hakuwa nacho, lakini JoJo alimtangulia kwa zaidi ya miaka miwili. Wala JoJo hakuwa wa kwanza. Ndugu wawili wa Everly, waimbaji wa Marekani, walirekodi upya vibao vyao baada ya kuhama lebo, na rekodi hizo zikatoka 1964.

Yaliyofuata ni safari ya msanii wa kawaida anayefanya kazi, na kwangu huo ndio ushindi wenyewe. Januari 2020, wimbo wa mwimbaji PJ Morton ambao JoJo alishirikishwa uliondoka na Grammy ya wimbo bora wa R&B. (Kwa kuwa sasa unajua tofauti: kipengele hicho hutuza watunzi, yaani ramani.) Mwezi Mei mwaka huohuo akatoa albamu mpya. Mwaka 2023 alipanda jukwaa la Broadway, kwenye maigizo ya New York, kama mhusika mkuu wa kike, na 2024 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Mwaka 2021 Blackground ilirudi na msambazaji mpya na kuanza kuachia hazina yake mtandaoni. Rekodi za 2004 na 2006 zikafufuka, zikakaa ubavuni mwa zile za 2018. Ndiyo maana leo unaziona mbili, na ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Ukitaka kujua unayoisikiliza ni ipi, teremka mpaka chini ya ukurasa wa albamu. Kuna herufi P ndani ya duara, kisha mwaka, kisha jina. Herufi C ya duara tumeizoea. Hiyo P ndiyo hati ya rekodi. Ukicheza ya 2004, fedha ya rekodi inakwenda kwa mwenye masta, na kinachomfikia mwimbaji, kama kipo, hupitia kwanza kwenye lile daftari la advansi lililofunguliwa alipokuwa na miaka 12. Ukicheza ya 2018, inapitia lebo yake mwenyewe. Watunzi wale wanne wanapata chao kwa vyovyote.